Lahani Moja, Mataifa Mawili



Wanafunzi wa Sumbawanga waimbapo Wimbo wa Taifa, wenzao wa Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wana wimbo wa taifa wenye lahani ile ile, ingawa maneno ni mengine. Lahani hiyo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg.

Je, muziki huo ni wa nani? Mpango wake wa sauti nne ni wa makanisa ya Ulaya, nao una udugu na kazi za Bach na Händel. Sontonga aliuandika kwa alama za do-re-mi zilizoenezwa na Waingereza. Hata hivyo, hakuna Mwingereza awezaye kuudai. Mnyonge alitwaa chombo cha mtawala, akakitia sala ya Waafrika. Na mwaka 1925 chama cha ANC kikaufanya wimbo wake.

Wenye kasumba hawalioni jambo hili, wala wale wadhanio kuwa kila kinanda ni ukoloni. Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge Desemba 1962, aliwakosoa wote wawili: ajuaye dansi za kigeni asiijue ngoma ya kwao, na akataaye kujifunza lolote kwa wageni.

Ufipa yenyewe ina historia hiyo. Mapadri Weupe walifika Karema mwaka 1885, na kwa miaka mingi waumini waliimba Misa kwa Kilatini. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kamina katika Katanga, Misa hiyo hiyo ilitiwa mahadhi ya Kikongo mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, Mbelgiji. Ikaitwa Missa Luba, na Ulaya ikaisikiliza. Safari hii mwalimu alikuwa Mwafrika.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana. Wimbo haukuzikwa naye kwa sababu ulikuwa daftarini, na kwaya nyingine ziliuchukua humo. Wazee wa Ufipa waijuao ngoma ya nsimba nao wanaondoka mmoja mmoja, na wengi hawaachi daftari. Mtoto wa Mazwi anayefundishwa do-re-mi atapeleka nini Mbala, achilia mbali Ulaya?

Walimu wanaozijua alama hizo wapo. Kalamu, daftari na jioni chache barazani kwa wazee vingetosha kuanzia.