Dhahabu ya Rosterman



Wengi wenu mwapita Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, mkaona kijiji tu. Jina hilo ni la mgodi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu kwa mamia walimiminika huko na sururu zao.

Wenyeji walikuwa na ahadi. Sheria ya mwaka 1930 ilisema ardhi ya Waafrika ni yao daima. Kipande kikichukuliwa, baraza lao liulizwe kwanza, nao wapewe kingine badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha: sasa fedha zilitosha, na baraza halikuwa na haja ya kuulizwa. Ahadi ya daima haikufika miaka mitatu!

Mgodi ule ulifungwa mwaka 1952. Hata leo wako wanaochimba dhahabu Kakamega kwa mikono.

Basi, vijana, someni sheria kama msomavyo hesabu. Ardhi huweza kuondoka kwa kalamu kabla jembe halijagusa udongo.