Tuulize Kabla ya Kuchimba, Tuseme Baada ya Kugonga
(Maelezo ya Polisi kwa wananchi wa Mutukula na vijiji jirani)



Leo hatukuja kuzungumzia magendo wala wizi wa mifugo. Tumekuja kuzungumzia vitu tusivyoviona: mabomba ya maji, nyaya za umeme na za mawasiliano zilizofukiwa ardhini. Katika Wilaya ya Kyotera inapita pia njia ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 ziko Uganda. Bomba halina paspoti. Likijeruhiwa upande mmoja, hasara huvuka mpaka.

Kijana mmoja aliyekuwa akichimba shimo la choo aligonga bomba kwa sururu. Halikutoboka, lilichubuka tu. Akalifukia, akanyamaza. Tulipomuuliza baadaye, alijibu: "Afande, niliogopa kufungwa." Hatuwezi kumlaumu peke yake. Kwa muda mrefu swali letu la kwanza lilikuwa "Nani kafanya?" badala ya "Imetokeaje?" Kosa hilo ni letu, na tunalikiri mbele yenu.

Mchubuko si jambo dogo. Bomba la chuma huvikwa gamba la kulikinga na kutu. Gamba likivunjika, unyevu hupenya na kutu hula chuma polepole, hata bomba likavuja wakati hakuna tena anayeikumbuka sururu ile. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika bomba iliingia mtaroni. Watu wakaenda kuichota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hatusemi uvujaji ule ulitokana na uchimbaji. Tunasema mafuta yaliyomwagika si riziki, ni kifo.

Ndiyo maana tunaomba taarifa. Nchini Marekani, matukio ya namna hii yamekuwa yakikusanywa katika daftari moja la kitaifa tangu 2003, na mara kwa mara yameonyesha kwamba chanzo kikubwa ni kuchimba bila kumwarifu mwenye bomba au waya. Sisi nasi twaweza kujifunza kutokana na matukio yetu wenyewe.

Kila tukio, hata la kukosakosa, tunahitaji kujua mambo sita: mahali, kwa kutaja alama ya karibu kama mti, kanisa au daraja, siku na saa, kina cha shimo, chombo kilichotumika, kilichoguswa, na kama palikuwa na nguzo au utepe wa tahadhari. Jina la mchimbaji si miongoni mwa mambo hayo. Taarifa tano zikitoka kando ya mtaro mmoja, tutajua kwamba nguzo imeanguka au mvua imekula udongo, na mwenye bomba atarekebisha kabla ya mtu wa sita kuumia.

Tusieleweke vibaya. Anayekata waya ili auze shaba, au anayetoboa bomba ili aibe, huyo ni mhalifu na tutamfikisha mahakamani. Aliyegonga kwa bahati mbaya akasema, huyo ni msaidizi wetu.

Kabla ya kuchimba msingi, kisima au choo, mwulize mwenyekiti wako. Naye atawauliza wenye mabomba na nyaya. Ukigonga kitu, acha kazi, usifukie, usiwashe moto, waondoe watoto, kisha piga 999 au 112. Ndugu zetu wa Tanzania, pigeni 112.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ardhi nayo haifichi siri milele. Tuiseme mapema, tungali na nafasi ya kutibu.