Mwisho wa Mchezo Aamue Nani?

Mchezo wa kuigiza ukitangazwa katika miji yetu midogo, jina la kwanza utakalolisikia ni la mgeni rasmi. La pili ni la mfadhili. Kisha hutajwa uwanja, siku na saa. Ama wale walioutengeneza mchezo wenyewe, yaani aliyeutunga, aliyeuelekeza, aliyeshona maleba na aliyekariri maneno huku akichochea kuni, hao wote huingizwa katika neno moja tu: kikundi.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya hicho kinachoitwa kikundi, maana nilipokuwa Malinyi nilikaa na kimoja jioni kadhaa.

Malinyi, kwa asiyeifahamu, iko ndani kabisa ya bonde la Kilombero. Ukitoka Ifakara unavuka mto Kilombero, siku hizi kwa daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018, zamani kwa pantoni. Unapita Lupiro, halafu Itete na Mtimbira, na masika yakikukuta njiani usihesabu saa, hesabu siku. Ni nchi ya mpunga. Wapogoro, Wandamba na wenzao wameulima tangu enzi za mababu, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao nao sasa wanaulima. Ukitaka kujua habari ya Malinyi, uliza bei ya gunia.

Kikundi chenyewe kina watu tisa. Mazoezi wanafanyia nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, jioni mashine inapozimwa, pumba zikiwa bado zinaelea hewani, kwa hiyo robo ya maneno huishia katika chafya. Mtunzi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nasema mtunzi, lakini alichoandika katika daftari lake ni matukio sita, basi. Maneno wameyatunga wote kwa kuyasema na kuyarudia, mpaka yakakaa. Mwelekezaji ni fundi baiskeli ambaye shule yake ya sanaa ilikuwa ngonjera za darasani, naye ana sheria moja asiyoilegeza: usiwape watu mgongo. Fundi cherehani ndiye mwenye maleba. Amekataa katakata kuigiza, lakini koti la mkopeshaji amelishona mara mbili, kwa maelezo kwamba la kwanza lilimfanya mwigizaji aonekane mtu mwema.

Yuko mzee mpiga ngoma, ambaye nilipomwuliza kazi yake katika mchezo alinijibu kuwa ni kuwazuia wengine wasiharakishe. Yuko msichana anayefuatilia maneno na kumnong'oneza aliyesahau. Mke wa mkulima anaigizwa na mama anayeuza maandazi sokoni. Mumewe mwanzoni alikataa, akisema mke wa mtu hapandi jukwaani. Mama akamjibu vema, njoo basi unilinde. Mume akaja kulinda, akakaa jioni ya kwanza amenuna, ya pili akacheka, na sasa ndiye anayeshika taa.

Mchezo unahusu jambo ambalo kila nyumba kule inalijua. Mwezi wa pili chakula kimekwisha, mpunga uko shambani umefika magotini. Mkulima anamwendea mwenye fedha. Anapewa bei ya gunia moja, na mavuno yakija atatoa mawili, tena ya lumbesa. Kule Kagera biashara ya namna hiyo katika kahawa huitwa butura, nayo serikali imeipiga marufuku. Lakini marufuku hailishi mtoto mwezi wa pili, na hilo ndilo tukio la tatu katika daftari la mwalimu.

Sasa sikiliza. Anayeigiza mkopeshaji ni kijana wa bodaboda. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki ni mmoja wa hao hao wanaokopesha mpunga ukiwa shambani. Kijana analijua hilo, na wenzake wanalijua. Anaigiza vizuri mno, kwa sababu mfano wake anauona kila siku saa kumi na mbili jioni. Wewe ungeweza?

Katikati ya mazoezi alijitokeza mfadhili, shirika ambalo sitalitaja. Lilikuwa tayari kutoa vipaza sauti, fulana tisa zenye nembo yake, na posho ya siku tatu. Kwa watu wasio na hata pazia, hilo si jambo dogo. Sharti lilikuwa moja. Mchezo wao unaishia pale magunia yanapopakiwa, na mke wa mkulima anawageukia watazamaji na kuwauliza: humo ghalani mna magunia ya nani mwingine? Basi, umekwisha. Mfadhili alitaka mwisho mwingine: familia ijiunge na kikundi cha kuweka na kukopa, mkopeshaji atubu, na wote waimbe.

Nisieleweke vibaya. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewasaidia watu wengi, wakiwemo wanawake wa bonde hilo hilo. Kama mtu anataka kutunga mchezo wa kuvisifu, na atunge. Ninachouliza ni nani mwenye haki ya kuamua mwisho wa mchezo huu. Mama wa maandazi alilimaliza kwa maneno machache. Alisema yeye katika umri wake hajapata kumwona mkopeshaji akitubu, na hawezi kusimama mbele ya majirani zake akaigiza kitu ambacho wao wote wanajua hakipo.

Fundi baiskeli hakukubaliana naye. Kwa hoja yake, bila vipaza sauti watu wa nyuma hawatasikia, na mchezo usiosikika ni mchezo usiochezwa. Ni hoja nzito. Mwalimu alinyamaza, naye ana sababu zake, kwani ni mtumishi. Walibishana jioni mbili.

Mabishano hayo yalinikumbusha kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale walicheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikaelekezwa na Kimani Gecau. Mswada ulisomwa mbele ya wanakijiji nao wakausahihisha. Wazee walirekebisha lugha, na wafanyakazi wakaeleza hali za kazi na mishahara kama walivyozijua wao. Jukwaa la wazi walilijenga kwa mikono yao. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba, na Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Tamthilia ngapi zilizoandikwa na maprofesa zimechezwa mijini bila mtu kuguswa? Hii iliwatisha wakubwa kwa sababu waliokuwa wakizungumza jukwaani walikuwa wakizungumza habari zao.

Hapa nyumbani tulikuwa na Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kule bila mchezo mfukoni. Waliishi na watu na kuwauliza kinachowasumbua. Lililojitokeza ni wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, na vijana wa Malya wakalifanyia mchezo kwa ngoma na nyimbo za kwao, kisha wakakaa na wazee kulijadili hadharani. Mlama ni mtunzi wa Hatia na Nguzo Mama, angeweza kabisa kuwaandikia mchezo mzuri kuliko wao. Hakufanya hivyo. Nadhani wafadhili wa siku hizi, wenye ratiba ya siku tatu na fomu ya kujaza mwishoni, wangeona njia hiyo ni ndefu mno.

Liko na jambo la kanda. Mfadhili alikusudia pia kupiga picha za video na kuzipeleka kwake. Kikundi hakikujua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtambui mtunzi peke yake. Inamtambua hata mwigizaji, na onyesho lake halirekodiwi na kusambazwa hivi hivi bila ridhaa yake. Nilipowaambia, fundi cherehani aliuliza kama koti nalo limo. Sikuwa na jibu la haraka, lakini swali nililipenda. Maafisa utamaduni wetu wa wilaya wangefanya kazi nzuri kwenda na sheria hiyo mazoezini kabla ya kwenda na risala siku ya maonyesho.

Mwishowe walipiga kura. Sita walitaka mwisho wao ubaki, watatu walitaka vipaza sauti. Fundi baiskeli alikuwa katika wale watatu, na kesho yake alikuja mapema kuliko wote, akawapanga upya wasogee karibu na watu. Walicheza siku ya gulio, kwenye uwanja mtupu, watoto wamekaa chini, watu wazima wamezunguka. Mama alipouliza lile swali lake hakuna aliyecheka. Mkono mmoja ulinyooshwa, ukafuata wa pili, na bibi mmoja akataja idadi ya magunia yake kwa sauti. Waliokuwa nyuma walisikia vizuri tu.

Nami, kwa jinsi nilivyoanza mazungumzo haya, nilitaka kuwasomea majina yote tisa hapa redioni, polepole, kama tunavyosoma majina ya wageni rasmi. Niliwaomba ruhusa. Wanane walikubali. Kijana wa bodaboda aliomba lake lisitajwe, kwani jioni ile bado alikuwa na hesabu ya kupeleka. Wale wanane wakatazamana, wakasema kama la mwenzao halisomwi, basi na yao yasisomwe.