Maneno Magumu ya Kiingereza: Mzazi Anaweza Kusaidia
(Maneno tuliyowaambia wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Taveta)



Leo tumeombwa tuseme juu ya watoto wetu wa sekondari na maneno magumu ya Kiingereza. Tunapozunguka Mboghoni, Mahoo hadi Chala, wazazi wanatuambia: "Karo nimelipa kwa ndizi, lakini Kiingereza sikusoma. Nitamsaidiaje?" Jamani, mnaweza.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Katika KCSE, Kiingereza kina karatasi tatu, jumla alama 200. Ya kwanza ina habari fupi yenye mapengo 10, na kila pengo hujazwa kwa neno linalofaa. Ya pili ina ufahamu, na humo huulizwa maana ya maneno kama yalivyotumika. Ya tatu ni insha. Basi, hakuna mahali mtoto anaambiwa akariri orodha. Kote anatakiwa aweke neno mahali pake.

Lakini wengi hukesha na orodha ya maneno mia, asubuhi yameshapotea. Wengine huyachomeka katika insha ili yapendeze tu, na sentensi inaharibika. Ni kama kufungulia shamba mfereji wote kwa siku moja: maji yanapita juu, mizizi inabaki na kiu. Ninyi wakulima mnajua, maji ni ya zamu. Na maneno ni vivyo hivyo.

Tufanye hivi:

1. Mtoto awe na daftari dogo. Kwa siku achukue maneno matano tu, kutoka kitabu anachosoma. Kila neno alitungie sentensi yake, ya mambo ya hapa: soko, mbuzi, ndovu walioingia shambani.

2. Neno la leo alirudie kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya juma.

3. Ajifunze kulifungua neno. Biashara ya hapa mpakani inatupa mfano: import na export. Port asili yake ni Kilatini, maana yake kubeba. Im ni ndani, ex ni nje, trans ni kuvuka. Akijua hayo, transport na portable hayatamsumbua. Hata sisi tunasema beba, bebeka, mbebaji.

4. Jioni mkichambua mboga, muulize: "Neno hili kwa Kiswahili ni nini? Kwa Kitaveta je? Nipe mfano." Akishindwa kukueleza, bado hajalijua. Kazi hiyo haitaki Kiingereza, inataka masikio.

Na kikundi kina kazi yake. Kamusi ni ghali kwa mzazi mmoja, lakini kwa wanachama ishirini ni mchango mdogo. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, itawafaa watoto na wazazi pia. Ikae kwa katibu, watoto waitumie kwa zamu Jumapili alasiri.

La mwisho, na hili tusilifiche. Nyumba nyingi mvulana anasoma huku binti anateka maji, anapika, anaosha vyombo. Akifika kwenye daftari, usingizi umemshika. Mtihani wao ni mmoja! Tugawe kazi, binti naye apate saa yake ya taa.

Leo jioni kila mzazi aanze na swali moja tu: "Umejifunza neno gani?" Haba na haba hujaza kibaba.