Ni Nani Aliyekutuma?
Somo juu ya Afisa Ustawi wa Jamii

Fungueni madaftari yenu. Leo twajifunza habari za mtu ambaye kazi yake yaweza kumfikisha hadi ndani ya nyumba zetu, naye ni Afisa Ustawi wa Jamii. Swali letu ni hili: tutamjuaje aliye wa kweli?

Tutoe mfano. Tuseme tuko Kabwe, wilaya ya Nkasi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mashua zafika, watu washuka na mizigo yao. Mgeni mmoja anakwenda kwa bibi mzee anayelea wajukuu wawili yatima. Amevaa vizuri, ana kalamu mfukoni. Asema, "Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii. Nipe huyu mdogo nimpeleke mjini akasome."

Bibi afanyeje? Akimkabidhi mtoto kwa mdanganyifu, huenda asimwone tena. Akimfukuza afisa wa kweli, huenda mtoto akakosa msaada. Kwa hiyo yafaa bibi ajue sheria.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema ya kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Tena yasema Afisa Ustawi wa Jamii ni yule aliye katika utumishi wa Serikali. Basi nguo nzuri na maneno matamu havimfanyi mtu kuwa afisa. Afisa akitumwa kuingia na kupekua nyumba inayodhaniwa kuwa mtoto anateswa humo, huenda pamoja na polisi. Na kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kabisa, yaani kumwasili, ni kwa amri ya mahakama. Hakufanywi mlangoni kwa maneno matupu.

Kazi hii ina mafunzo yake pia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wanaosoma huko hufundishwa namna ya kusikiliza shida za watu, kuandika taarifa, na kutunza siri.

Lakini elimu peke yake haitoshi. Mtu aweza kusoma vizuri, kisha akapokea rushwa au akatangaza siri za jamaa fulani kilabuni. Nani atamwuliza? Hapo ndipo tunapoona faida ya daftari la wataalamu. Wauguzi na wakunga wa nchi yetu wana Baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2010. Walimu walitungiwa sheria ya Bodi yao ya Kitaalamu mwaka 2018. Daftari la namna hiyo lina kazi tatu: kuandika jina la mwenye ujuzi, kuweka miiko ya kazi, na kumfuta anayeivunja.

Kwa watu wa ustawi wa jamii, Zimbabwe ilitunga sheria ya Baraza lao mwaka 2001. Kule Uingereza, tangu mwaka 2005 ni kosa kwa asiyeandikishwa kujiita kwa jina la kazi hiyo ili kudanganya watu. Wataalamu wa Tanzania wana chama chao, TASWO, na kwa miaka mingi waliomba wapate baraza la kisheria. Angalieni tofauti: chama huwasemea wanachama wake, bali baraza humlinda yule anayehudumiwa. Bibi yetu wa Kabwe ahitaji hasa hilo la pili.

Sasa turudi mlangoni kwake. Amkaribishe mgeni kwa heshima, ampe kiti, kisha aseme, "Mwanangu, karibu. Ni nani aliyekutuma? Naomba kuona kitambulisho chako na barua yako." Kama hajui kusoma, amwite jirani ajuaye. Halafu waende wote kwa Mtendaji wa Kijiji, naye aulize Halmashauri ya Wilaya huko Namanyere. Afisa wa kweli hataona haya kuulizwa. Anayekasirika na kufanya haraka, mtoto asitoke naye.

Nasi pia tuna wajibu. Sheria hiyo hiyo yamtaka kila mtu mwenye habari ya mtoto anayeonewa azipeleke kwa serikali ya mtaa wake. Ukimwona mtoto anabebeshwa magunia mazito bandarini, usipite kimya. Kubeba mizigo mizito ni kazi ya hatari ambayo sheria inamkataza mtoto. Waweza pia kupiga simu namba 116, bila malipo.

Ndugu zangu, kumwuliza mtumishi maswali si utovu wa adabu. Mtoto akishapanda mashua ni vigumu kumrudisha, bali swali huchukua dakika moja tu.

MANENO YA KUANDIKA
Kuasili: kumchukua mtoto wa mwingine awe wako kwa amri ya mahakama.
Miiko: mambo ambayo mwenye kazi fulani hapaswi kuyafanya.
Baraza: hapa, watu waliowekwa na sheria kusimamia kazi fulani.

MASWALI
1. Taja kazi tatu za daftari la wataalamu.
2. Chama na baraza vyatofautianaje?
3. Katika kijiji chako, ungempeleka wapi mgeni asemaye ni Afisa Ustawi wa Jamii?

Kwaherini, hadi somo lijalo.