Bunduki ya kupambwa: maneno kwa vijana wenzetu wa Lubumbashi



Leo hatusemi juu ya maji, wala umeme, wala kodi. Leo tunajisema sisi wenyewe.

Wengi wenu muko katika kundi yetu ya WhatsApp. Siku moja mwenzetu alituma humo picha ya bunduki. Ilikuwa bunduki ya muchezo, ile ya Free Fire: rangi ya dhahabu, darubini juu, kitako cheusi. Tuliipenda. Tukaweka alama ya moto chini yake, moja, mbili, mpaka kumi na tano. Kisha akatuma ingine, ya kweli, kutoka Marekani, chuma chake kimechorwa maua. Moto tena. Kisha akatuma ya tatu. Hiyo ilikuwa Kalash, kitako kimekatwa, scotch nyekundu imezungushwa kwenye kishikio. Nyuma yake tuliona ukuta tunaoujua wote: ukuta wa nyumba ya kwao. Hata hapo tuliweka moto.

Leo yeye iko mu gereza, anangojea tribunali ya kijeshi kwa mambo ya wizi wa usiku. Mama yake alitukuta akatuambia: «Bana bangu, nyinyi munasema hamutaki jeuri. Nilifungua simu ya mutoto wangu. Kumbe njo nyinyi mulikuwa munamupigia mikono?»

Tulikosa la kumujibu. Maneno ya leo ni jibu letu kwake, hata kama limechelewa.

Tuanze na ukweli. Tusidanganyane kwamba zile bunduki ni mbaya kwa macho. Ni nzuri, njo maana tunaziangalia. Kule Marekani kuna mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu. Chukua pistole M1911, ile John Browning alichora na jeshi la Marekani likaipokea mwaka 1911. Mpaka leo fundi anaifungua, anapiga tupa chuma cha juu na cha chini mpaka vinateleza pamoja bila kuchezacheza. Analainisha gashete. Anakata mistari midogo kwenye kishikio ili mukono usiteleze, anaweka mbao ya bei. Kazi kama hiyo inaweza kukamata miezi, na mwenyewe analipa maelfu ya dola. Ao chukua AR-15, iliyozaliwa na kazi ya Eugene Stoner kwa ArmaLite katika miaka ya 1950. Ile inafunguka vipande vipande kama kinga: unabadilisha kitako, darubini, mututu, mpaka haifanane tena na ya jirani. Na katiba yao inalinda haki ya kuwa na silaha tangu 1791.

Kwa hiyo mutu wa kule anaweza kuipenda bunduki yake kama vile sapeur anapenda viatu vyake vya Weston. Ao kama vile wajomba zetu wa Gécamines walipenda kazi ya ajusteur: chuma kinaingia ndani ya chuma mpaka hata karatasi haipite katikati. Hatumucheki. Mutu anayejua kazi ya mikono anastahili heshima.

Lakini hata kule, maua hayabadilishe kazi ya bunduki. Mwaka 2021, Marekani ilizika watu zaidi ya 48,000 waliokufa kwa bunduki. Zaidi ya nusu walijiua wenyewe, wengi wao nyumbani, na silaha iliyokuwa ndani ya nyumba.

Na kwetu? Kwetu kugeuza bunduki kuna maana ingine kabisa. Kitako kinakatwa ili iingie chini ya koti. Namba inapigwa tupa ili isijulikane ilitoka kwa nani. Ile scotch nyekundu haikuwa pambo. Fundi wa namna hiyo hatafute uzuri, anatafuta kificho. Na sisi, kwa sababu macho yetu yalikuwa yamezoea dhahabu ya muchezo na maua ya Marekani, hatukuona tofauti. Tuliweka alama ileile.

Eti tumesahau? Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga waliingia katika huu muji, wengine na bunduki, wengine na mishale. Masasi yalilia katikati ya muji na watu walikufa. Wengi wetu tulikuwa watoto, tulilala chini ya kitanda. Siku ile hakuna mutoto aliyeuliza kama bunduki zao zilikuwa na rangi gani.

Kuna kamarade anatuambia: «Lakini article 64 inatuomba tumuzuie kila anayekamata utawala kwa nguvu. Tutamuzuia na nini?» Ndugu, soma katiba mpaka mbele. Article 64 inatupa kazi, haitupe bunduki. Na article 190 inasema wazi kwamba hakuna mutu anayeruhusiwa kuunda milisia, wala kutunza vijana wenye silaha, na inaita hiyo uhaini mukubwa. Walioandika katiba walijua inchi yetu. Walijua kwamba kijana asiye na kazi ni rahisi kumupata. Sisi wenye diploma ya universite na tunaoamka asubuhi bila pa kwenda, tunajua vilevile. Mwenye kutafuta vijana wa kushika silaha haanze kwa kukupa masasi. Anaanza kwa kukuonyesha kitu kizuri na kukuambia: hii inakufaa.

Hata Mikhail Kalashnikov, ambaye jina lake tunalitaja kama jina la mucheza mpira, alikuwa mutoto wa wakulima. Mu uzee wake alisema afazali angebuni mashine ya kusaidia wakulima, kama ile ya kukata majani. Na kabla ya kufa kwake, mwezi wa Desemba 2013, alikuwa amemuandikia mukubwa wa kanisa la Urusi akiuliza kama vifo vya watu waliouawa na bunduki yake viko juu yake. Mwenyewe aliyeitengeneza aliuliza. Sisi tunaweka moto.

Basi, kama tunapenda bunduki iliyogeuzwa, tuangalie wale walioigeuza vizuri kuliko wote. Hapa Katanga, katika miaka ya 2000, kulikuwa mupango wa makanisa ulioitwa PAREC: leta bunduki, beba kinga. Fikirini ile kinga ilibeba nini nyuma: makala, muhogo, mugonjwa wa kupeleka kwa munganga. Kule Msumbiji, baraza la makanisa lilianza mwaka 1995 kupokea silaha za vita na kutoa majembe, baiskeli na mashine za kushona. Silaha zilikatwa, na wasanii wakachukua vipande. Mmoja wao, Kester, alitengeneza kiti kizima kwa vipande vya bunduki mwaka 2001. Leo kiko katika British Museum, London. Na hapa kwetu Freddy Tsimba, wa Kinshasa, anaokota maganda ya masasi na kuyaunganisha na moto mpaka yanakuwa miili ya watu. Hiyo njo kazi ya tupa na moto ambayo tunaweza kuipigia mikono bila haya.

Tunaomba mambo matatu, na sisi tunayaanza leo.

Kwanza, kila mumoja afungue simu yake na kufuta picha za bunduki, pia picha yake mwenyewe akiishika, hata kama ni ya askari rafiki. Kwa kundi yetu hazitapita tena.

Pili, kamarade akituma picha kama ile ya tatu, tusinyamaze wala tusicheke. Mumoja wetu amupigie simu usiku huohuo. Kisha wawili waende kwao. Kama tungefanya hivyo, pengine leo angekuwa amekaa hapa mbele.

Tatu, wale wenye mukono wa chuma, na muko wengi, mutuambie. Kuna wazee wa ajusteur wamekaa bure mu makartie yetu, wanajua kazi na hakuna wa kuirizi. Tutawaomba watufundishe siku za Jumamosi. Hatuahidi mushahara. Tunaahidi tu kwamba jicho linalopenda chuma kizuri litapata kitu cha kufanya.

Jumamosi hii, kabla ya yote, tunaenda kumuona mwenzetu mu gereza. Tutabeba bukari na samaki. Mama yake atakuwa pale. Anayetaka kutufuata afike saa mbili asubuhi, hapahapa.

Mikono yetu ni mitupu. Ibaki mitupu.