Walipobaki Bila Wamisionari

Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Injili ikapanda Manow, upande wa Mbeya, na baadaye ikafika Pommern, Iringa. Vita Kuu ilipoingia nyanda hizi mwaka 1916, wamisionari hao Wajerumani walikamatwa na kuondolewa. Walimu na wazee wenyeji wakabaki na kundi. Waskoti wa Livingstonia walisaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi pana hivi. Wajerumani waliporudi miaka ya 1920, walikuta sharika zingali hai. Vita vya 1939 vikawaondoa tena. Hasara ileile, mara ya pili! Wazee hawakuambiwa ingeisha lini, waliendelea kukusanyika.

Tarehe 19 Juni 1963, Kanisa la Kusini liliungana na mengine sita kuwa KKKT.